Tofali la Saa Mbili

Jumamosi, 1 Machi

Tumeanza. Watoto kumi na mmoja, kompyuta sita, na mlango wa choo usiofunga. Chumba ni cha Mzee Tarsem, mwenye duka la samani hapa Dagoretti Corner. Sisi tuko juu ya duka, na harufu ya vanishi inatupandia ngazi asubuhi hadi jioni. Nafundisha pamoja na binti yake, Jasleen. Yeye huchora ramani za nyumba za watu, kwa hivyo kazi yake hapa ni kuwafundisha watoto kubuni: kuona shida ya mtu, kuifikiria, kuchora suluhisho. Kazi yangu ni kuwafundisha kuiamuru kompyuta. Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka mingi kabla ya kujifunza mambo haya ukubwani, na mazoea hayajaniacha. Mtoto akisema "kitu yangu" meno yananiuma.

Programu yenyewe ni rahisi. Mtoto anaokota vipande vya rangi kwenye skrini, anavipachika kimoja chini ya kingine, na paka aliyechorwa pale anafanya alichoamriwa. Jasleen anaviita bloksi. Mimi nimeviita matofali, na nimebadilisha lugha ya programu nzima ikawa Kiswahili. Rudia milele. Kama. Basi. Subiri. Maneno ya watu.

"Vero, shuleni hawa wanasoma kila kitu kwa Kizungu," Jasleen akaniambia mbele ya watoto. "Utawachanganya bure."

"Na wakiota, wanaota kwa lugha gani?"

"Sheng," akajibu Kibe, hata hakuulizwa.

Darasa likaangua kicheko. Kiswahili kimebaki.

Jumamosi, 8 Machi

Leo mchezo wa roboti. Roboti ni mimi. Watoto wananiamuru nipike chai, nami nafanya kile tu nilichoambiwa. Kibe akasema weka maziwa kwenye sufuria, nikaweka pakiti nzima, haijakatwa. Nidhi akasema koroga, nikakoroga hewa. Walicheka mpaka Mzee Tarsem akapanda juu kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Mwihaki hakucheka. Ana miaka kumi na mmoja, mwembamba, hukaa karibu na dirisha na haongei mpaka aguswe. Zamu yake ilipofika aliandika kwanza, akajisomea kwa sauti ya chini, akafuta mstari mmoja, ndipo akaniamuru. Chai ikatoka chai.

"Nani amekufunza?" nikamuuliza.

"Shosho yangu, mamake mama, haoni poa. Lazima umwambie kila kitu, hata mlango iko wapi."

"Mlango uko wapi," nikasema.

"Uko wapi," akarudia, bila kununa.

Nimewapa sheria mbili za darasa. Ya kwanza: kabla hujasema umemaliza, soma kazi yako kwa sauti, tofali kwa tofali. Ya pili: kosa halikai kwa mtu, linakaa kwenye tofali. Litoe, weka jingine, maisha yaendelee. Ya pili waliipenda sana. Kibe alinirushia mara tatu kabla ya saa sita kufika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenyeshewa kama mbwa. Jana nilimwandikia Jasleen kwenye simu: tukutane mtaa wa Luthuli saa 3 tununue nyaya na spika. Nilifika asubuhi, nikasimama chini ya kibaraza cha duka la redio mpaka miguu ikafa ganzi. Simu yake haishikwi. Yeye alifika alasiri, mkavu, ametundika mwavuli begani, eti yuko kwenye wakati.

"Uliandika tatu, Vero. Namba. Mimi nikiona namba kwenye simu naisoma vile simu inaisoma."

"Saa tatu ni saa tatu!"

"Ukisema kwa mdomo, sawa. Hata babangu husema hivyo. Lakini ukiandika namba, inategemea ni nani anaisoma."

Nilimwambia aende zake na simu yake. Watu waliozaliwa mji huu huu, halafu wanajifanya saa tatu wameisikia leo. Mvua imeanza mapema mwaka huu.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Watoto sita tu.

Jumamosi, 22 Machi

Jasleen amewapa kazi ya msimu. Kila mmoja aende kwa mtu mmoja anayempenda, akae naye, amuulize shida yake, na asimwambie suluhisho. "Mkikimbilia suluhisho mtatengeneza kitu chenu, si chake," akawaambia. Nilikuwa nimeamua leo nisimpende, lakini hapo alisema maneno ya maana. Mwishoni mwa Mei kila mtoto ataonyesha wazazi alichobuni.

Jumamosi, 29 Machi

Wamerudi na shida za watu. Babake Nidhi hupoteza funguo. Jirani wa Kibe ana mbwa anayebweka akiwa na njaa na pia akiwa ameshiba.

Mwihaki alisimama, mikono nyuma. Shosho yake anaitwa Annah, anaishi peke yake Woodley, kwenye nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Ana sukari. Hujidunga insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kabla ya kula. Macho yamekwisha nguvu, lakini hilo si shida, akasema Mwihaki, kwa sababu mkono unajua. Shida ni kwamba anasahau kama amejidunga au bado.

"Siku ingine alijidunga mara mbili. Akaanza kutetemeka na kuongea vitu haziko. Mama akampea soda na sukari kwa mdomo." Akahesabu kwa vidole. "Likizo nitakaa kwake nimkumbushe. Shule zikifunguliwa nitarudi kwa mama, na mama hufanya kazi usiku. Sasa nani atamkumbusha?"

Kibe aliacha kuchezea kipanya.

"Kwa nini asiwekewe kengele ya simu?" Jasleen akauliza, polepole, kama kawaida yake.

"Nilimuuliza. Alisema simu inalia kwa kila kitu. Kanisa, mikopo, watu wa kusema ameshinda gari. Akiskia inalia anaizima tu."

Jasleen akaniangalia nami nikamwangalia. Tulifikiria kitu kimoja, nadhani mara ya kwanza tangu tuanze: huyu mtoto ameelewa.

Jumamosi, 12 Aprili

Baada ya darasa nimefuatana na Mwihaki hadi Woodley. Njia imekuwa matope matupu, viatu vyangu nimevibeba mkononi. Shosho Annah alitupokea mlangoni, akanishika uso kwa viganja viwili kana kwamba ananinunua sokoni.

"Wewe ndiye wa Kiswahili kigumu?"

"Ndiye, mama."

"Huyu siku hizi ananikosoa. Juzi nimemwambia 'lete kiti ingine', akaniambia 'kingine, shosho'. Nimemwambia nikikosea tena aninyime chai."

Tulikaa mpaka saa mbili usiku, akanionyesha jinsi anavyojidunga. Dawa iko kwenye kalamu, na kalamu ina kitufe cha kuzungusha. Kila kipimo kinalia tik. Anahesabu tik kwa masikio, haangalii. Mkono ulikwenda tumboni bila kupapasa. Kisha akaketi kula, sahani yake tayari mbele yake.

Mwihaki akamweleza kazi yake: tableti ya zamani ambayo Jasleen amempa itakaa juu ya kabati, na saa ya dawa ikifika itamwita.

"Itaniita kwa sauti ya nani? Ya yule mwanamke wa simu?"

"Yangu."

"Ya kwako nitaitika." Akamshika mkono. "Lakini nipe sheria moja. Nikiwa na sheria mbili nitasahau moja."

Mwihaki alifikiri. "Ukiskia mimi, unajidunga. Kama hujaskia, usijidunge. Hata ukidhani umesahau. Ngoja nikuite."

"Nikusikie, nijidunge. Nisipokusikia, ningoje."

"Ndiyo."

"Haya. Hiyo naiweza."

Nimetembea kurudi Corner nikiwa na furaha ya kijinga. Kazi hii inalipa vibaya na ngazi zinateleza, lakini leo ningeifanya bure.

Jumamosi, 19 Aprili

Pasaka. Hakuna darasa. Maji yameingia kwa jirani wa chini.

Jumamosi, 26 Aprili

Jasleen hakufika, gari lake limekwama kwenye maji Ngong Road. Nimebaki peke yangu na watoto wanane. Mwihaki ametaka kumaliza leo, maana Jumatatu shule zinafunguliwa na kesho jioni atawasha tableti na kumwacha shosho.

Kazi yake ni nzuri kuliko zote. Aliisoma kwa sauti, kidole kwenye skrini. "Rudia milele. Kama saa ya sasa ni mbili, basi. Cheza sauti ya Mwihaki. Rudia mpaka shosho aguse skrini."

"Na ya usiku?" nikamuuliza. "Umeweka ya asubuhi tu."

"Hapana, Tiicha. Saa mbili inakuja mara mbili. Asubuhi na usiku. Nikiandika mbili, inashika zote."

Jamani! Wenzake wangeweka matofali kumi, yeye ameweka moja likabeba siku nzima. Nikamwita Kibe aje aone. "Hivi ndivyo mtu anavyofikiri," nikawaambia wote. "Fupi, safi, hakuna cha kuzidi."

Sauti ndiyo ilitusumbua. Alikuwa amerekodi: "Shosho, ni saa mbili. Jidunge, halafu ukule." Nikamwambia ni "ule", si "ukule". Akarekodi tena, akasema "ukule". Ulimi umezoea. Mara ya nne ndipo akasema "ule", na mimi nikapiga makofi. Tulijaribu sauti, ikasikika mpaka dukani chini. Tulijaribu kugusa skrini, ikanyamaza. Tulitaka kujaribu saa yenyewe, stima ikapotea na kompyuta zote zikazimika. Nikamwambia usijali, mengine yote yanafanya kazi, na saa ni saa.

Jumatatu, 28 Aprili

Wanjira, mamake Mwihaki, amenipigia saa nne asubuhi. Mama mmoja anayemuuzia Shosho Annah maziwa alimkuta sakafuni jikoni, karibu na jiko. Bado anapumua, lakini haamki. Wako hospitalini.

"Amesahau tena, Mwalimu," Wanjira akasema. "Amejidunga akasahau kula. Sahani yake ilikuwa mezani imefunikwa, haijaguswa. Daktari anasema sukari ilishuka ikamaliza kichwa."

Nimeuliza kama Mwihaki anajua. Amesema yuko shuleni, atamwambia jioni.

Mvua imenyesha kutwa.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeenda hospitali. Wanjira yuko kwenye benchi na nguo zake za kazi, suruali ya miraba ya jikoni, hajazivua tangu alipotoka hotelini kule mjini jana. Shosho Annah amelala na mipira puani. Mikono yake imetulia kabisa. Nilitamani nimsikie akinitania tena.

Tukiwa pale Wanjira akatoa tableti kwenye mfuko wa plastiki.

"Chukua hii kitu, Mwalimu, tafadhali. Jana nililala kwa mum nichunge nyumba. Saa nane ya usiku ikaanza kuniita. 'Shosho, ni saa mbili.' Karibu nife. Ilikuwa inaita na haikubali kunyamaza mpaka niliigonga."

"Saa nane ya usiku?"

"Saa nane. Nadhani imeingia maji. Lakini Mwihaki usimwambie imeharibika, aliitengeneza na roho yake yote."

Nikaichukua. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali, watu wakinipita, nikaifungua na kuisoma vile ninavyowafundisha. Rudia milele. Kama saa ya sasa ni mbili.

Mashine haijui saa mbili yetu. Mashine inahesabu kutoka saa sita ya usiku, moja, mbili, mpaka ishirini na tatu. Saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni nane. Saa mbili yetu ya usiku kwake ni ishirini. Mbili yake ni saa nane ya usiku. Kila mtu anayefanya kazi hii anajua. Mimi ninajua! Nimejua siku zote.

Jumapili usiku haikumwita. Aliandaa sahani yake, akaifunika, akangoja. Hakujidunga, kwa sababu hakuitwa, na hakula, kwa sababu hujidunga kwanza. Akangoja mpaka usingizi ukamchukua. Usiku wa manane akaitwa kwa sauti ya mjukuu wake, akaamka gizani na tumbo tupu tangu mchana, akahesabu tik zake, akajidunga. Sauti ilisema jidunge, halafu ule. Alianguka akienda kuwasha jiko apashe chakula moto.

Hakusahau kitu. Kila alichoambiwa alikifanya.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwonyesha Jasleen. Sikueleza, nilimpa tu tableti na kumwambia iliita saa ngapi. Alisoma mara moja. Akaketi kwenye kiti cha Kibe, magoti yakamfika kidevuni.

Nilingoja aseme. Kuhusu namba, kuhusu Luthuli, kuhusu Kiswahili changu. Alikuwa na haki yote ya kusema, na nilikuwa nataka aseme ili nipate mtu wa kugombana naye. Hakusema.

"Kama tofali lingekuwa kwa Kizungu angeandika nane," nikasema mimi mwenyewe.

"Labda. Kama ningefika siku hiyo ningeuliza. Kama barabara haingejaa maji." Akaweka tableti chini. "Ongea na Wanjira, Vero. Mtoto tungoje kwanza. Lakini Wanjira ni mtu mzima, na huyo ni mamake."

Nikamwambia nitaongea naye.

Alhamisi, 1 Mei

Sikuongea naye.

Jumamosi, 3 Mei

Shosho Annah amefariki leo alfajiri. Nimewafundisha watoto matofali ya muziki. Sikumbuki nilisema nini.

Jumanne, 6 Mei

Nimefika kwa Wanjira na mkate na sukari, nyumba imejaa wanawake wa kanisa, masufuria, viatu mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno. Kisha Mwihaki akaja, amevaa sweta ya shule, akanivuta kando.

"Tiicha, tableti iko wapi?"

"Iko darasani. Salama."

"Ilimwita?"

Swali lenyewe hilo. Nilijua jibu na nilikuwa mtu mzima, na jibu lilikuwa moja tu.

"Ilimwita," nikasema.

"Basi alisahau kukula." Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayeweka kitu mahali pake. "Kula," akajisahihisha. "Alisahau kula."

Niliondoka bila kuonana na Wanjira.

Ijumaa, 9 Mei

Tumezika. Kaburi lilikuwa linajaa maji na vijana wakawa wanayachota kwa ndoo. Mwihaki alisoma maneno ya wajukuu. Alisoma vizuri, hakuruka neno hata moja.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimefanya jambo. Nimefungua kazi ya Mwihaki kwenye akaunti ya darasa, nikatoa ile mbili, nikaweka: kama saa ya sasa ni nane, au saa ya sasa ni ishirini. Nikahifadhi. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Siku ya maonyesho kila mtoto husoma kazi yake mbele ya wazazi, na nilimwona pale mbele akisoma ile namba na mzazi fulani mjuaji akiinua mkono. Nani angetaka hilo?

Jasleen sikumwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Mwihaki hakuja. Mvua imepungua kidogo. Jasleen ameniuliza, "Uliongea na Wanjira?" Nikasema bado yuko kwenye matanga. Aliniangalia kwa muda kisha akaenda kumsaidia Nidhi na funguo za babake. Zamani nilidhani kunyamaza kwake ni maringo. Siku hizi naona ananipa nafasi, na nafasi hiyo naiogopa.

Jumamosi, 24 Mei

Amerudi. Nywele zimenyolewa. Watoto walimpisha kiti chake cha dirishani bila kuambiwa, na Kibe alimpa nusu ya andazi lake.

Ilikuwa siku ya mazoezi ya maonyesho. Nilimwambia si lazima ashiriki.

"Nataka," akasema. "Nataka watu waone kitu yangu."

Sikumsahihisha.

Nilimweka wa mwisho, nikiomba stima ipotee. Haikupotea. Akafungua kazi yake, akasimama na kidole kwenye skrini.

"Rudia milele," akasoma. "Kama saa ya sasa ni..." Akasogeza uso karibu. "Ni nane. Au saa ya sasa ni ishirini."

"Endelea," nikasema.

"Hii si yangu."

"Ni yako, Mwihaki. Jina lako liko juu hapo."

"Mi niliandika mbili. Moja tu. Ulisema ni safi kwa sababu ni fupi." Akageuka akawaangalia wenzake, mmoja mmoja. "Nani ameguza kazi yangu?"

Jasleen alikuwa karibu na mlango. Hakuwaangalia watoto, aliniangalia mimi.

"Tiicha," Mwihaki akasema, "ishirini ni saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, na huyu mtoto akianza kuhesabu hufika.

"Saa mbili usiku," nikasema.

"Na nane?"

"Saa mbili asubuhi."

Akarudi kwenye vidole. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo tuliyotega pembeni.

"Na mbili?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nilimskia mama akiambia watu iliita usiku. Saa nane. Alisema iliingia maji."

"Mwihaki, sikiliza. Mimi ndiye niliyeiangalia. Mimi ndiye niliyesema ni safi. Mimi ninajua saa ya mashine, wewe hukujua, hakuna aliyekufundisha. Sikukufundisha."

Hakunisikiliza, au alinisikia na haikumsaidia. Alivuta kiti akaketi. Akafuta nane. Akafuta ishirini, na lile tofali la "au" nililoongeza. Akaandika mbili.

"Sasa ni yangu," akasema.

Akavaa sweta, akashuka ngazi. Jasleen akachukua mwavuli na kumfuata. Nikabaki na watoto saba na sheria zangu mbili zimebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, kosa halikai kwa mtu, na hakuna hata mmoja aliyezisoma leo. Nikaenda nikabandua ile karatasi.

Jumapili, 25 Mei

Nimeenda kwa Wanjira baada ya kanisa. Jasleen alitaka kunisindikiza, nikakataa, kisha nikampigia nikamwambia aje. Tulikwenda pamoja. Mlangoni alinishika kiwiko.

Wanjira alitufungulia, macho yamevimba. Alikuwa anajua. Mwihaki alimweleza yote jana, tofali kwa tofali, na tangu hapo hajala na hajaongea. Amelala chumbani amegeukia ukuta.

Nikasema niliyokuja kusema. Kwamba nilijua saa ya mashine na sikuangalia, kwa sababu nilikuwa nahangaika na "ule" na "ukule". Kwamba Mwihaki aliniuliza kama iliita nikamdanganya. Kwamba nilijua tangu ile siku ya hospitali, na nikaingia kwenye kazi yake nikaibadilisha kisiri. Nilimwambia anifukuze, anitukane, afanye anachotaka.

Wanjira aliketi. Alikunja leso mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mum alinipigia," akasema. "Jumapili ile. Saa tatu usiku. Jikoni kazini kulikuwa kumejaa, nilikuwa na karai la sahani mkononi, nikashika simu na bega. Alisema mtoto hajamwita. Nikamwambia, mum, ngoja, atakuita." Alifuta uso kwa leso. "Ningemwambia tu ajidunge. Saa zilikuwa zimefika. Niliona saa ukutani. Lakini nilikuwa na sahani."

Jasleen alilia. Sijawahi kumwona akilia.

"Sijamwambia mtu," Wanjira akasema. "Mwihaki hawezi kujua. Atanichukia."

"Atajua," nikasema. "Mimi nilimficha na akajua. Huyu anasoma kila kitu, mama Mwihaki. Na saa hii yuko kule ndani anafikiria ni yeye peke yake."

Nje watoto wa ploti walikuwa wanacheza kwenye madimbwi, jua limetoka, la kwanza tangu sijui lini. Kisha Wanjira akamwita. Akaita tena. Mwihaki akatoka, blanketi mabegani, akasimama mlangoni pa chumba.

Wanjira akamwambia. Hakupamba kitu. Alimwambia saa, alimwambia karai, alimwambia bega.

Mwihaki alisikiliza mpaka mwisho. Sikujua atafanya nini, na nadhani hata yeye hakujua. Akaja akaketi karibu na mamake, hakumgusa kwanza.

"Alisema nini?" akauliza. "Vile alisema. Maneno yake."

Wanjira aliweka leso chini.

"Alisema, 'Mwihaki hajaniita bado. Lakini ataniita.'"